Ukikipenda, Usikitazame

Mwanangu Rukia,

Barua za kwetu huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekula chapati zote hukuniachia hata ya kuonja, ukavaa viatu vyako vya kukimbilia, ukatoka bila kufunga mlango vizuri. Hujambo kabisa. Mimi ndiye niliye hoi. Tangu uondoke nimefagia duka letu la mizigo mara mbili, nimehamisha maboksi ya Papa Mbuyi kutoka ukuta huu kwenda ule, nikaona hayapendezi, nikayarudisha yalikokuwa. Fundi aliyekuja kutengeneza kiyoyozi nimemfokea bila kosa lolote, kisha nikampa maji baridi na kumwomba radhi kwa Kichina changu kibovu, akadhani namfukuza. Sasa nimekaa nyuma ya kaunta na kalamu, na kila nikiandika mstari mmoja nainuka.

Kesho unapanda ndege. Baba yako atakupokea Dar, halafu atakupeleka kule milimani, kwenye chuo cha maafisa wa jeshi, ukakae likizo yote na wanafunzi wenzako wa sekondari mkifundishwa gwaride, kusoma ramani na kuamka kabla ya jogoo. Watakaofanya vizuri, wamesema, wakimaliza shule wataitwa kuomba nafasi ya uafisa wenyewe. Mimi si mjinga, Rukia. Kambi hii ya likizo ni mlango, na wewe tangu utotoni si mtu wa kusimama mlangoni.

Juzi nilikuwa naosha vyombo ukaja ukasimama nyuma yangu. Ukasema, "Mama, nipe radhi." Nikakujibu, "Kafunge madirisha, mvua inakuja." Ukaenda ukafunga. Ukarudi. Ukasema, "Nitaenda, mama, hata usiponipa. Lakini nitaenda nusu." Ukaingia chumbani kwako, nami nikabaki nasugua sufuria iliyokwisha kutakata zamani.

Basi ndiyo naandika. Nina muda mpaka urudi kutoka ziwani, ulikokwenda kukimbia mara ya mwisho na kuwaaga wale mabibi zako wa Kichina.

Habari za sweta, za dawa, na za nani umwamkie kwanza ukifika, nimezisema mpaka ukaniambia "mama, basi." Sitazirudia. Sweta ziko mbili, chini kabisa ya begi. Nimesema sitazirudia.

Nataka tuzungumze juu ya kanuni niliyokufundisha ukiwa mdogo, kwa kuwa nusura ikukoseshe safari hii, na mimi ilinikosesha makubwa zaidi.

Sijui kama unakumbuka ilivyoanza. Ulikuwa umeng'oka meno ya mbele. Jumamosi nilikuwa nakuchukua kwenda nawe kwenye soko la Zhanxi kutafuta viatu vya wateja wa Kariakoo, kwa sababu sikuwa na wa kumwachia, na kwa sababu Kichina chako cha chekechea kilikuwa kimeshanipita mimi na kikokotoo changu. Ulitembea mbele yangu katikati ya mikokoteni unapiga kelele watu wapishe. Siku hiyo ukaona viatu vyenye taa kwenye kisigino. Ukavirukia, ukavikumbatia, ukapiga ukelele duka zima likageuka. Laoban, yule mama mwenye duka, akatabasamu. Nikajua bei imeshapanda kabla hajafungua kinywa.

Nilikuvuta mpaka kwenye ngazi, nikachuchumaa, nikakushika mabega. Nikakwambia, "Ukikipenda kitu, usikitazame. Tazama kibaya kilicho jirani yake. Uliza bei ya kile kibaya. Sema tai gui le, ghali mno, tena useme kwa uchungu. Halafu geuka uondoke. Ukiitwa, umepata bei. Usipoitwa, maduka yamejaa." Ukanisikiliza macho yamekutoka. Tukarudi ndani, ukashika kandambili mbaya za kijani, ukazikunjia uso kama mtu aliyeshikishwa panya, tukatoka, tukaitwa. Ulivaa vile viatu vya taa mpaka vikazimika.

Ulipofika miaka kumi ulikuwa umenishinda. Papa Mbuyi alikuwa anakuazima. Naye, mzee mzima aliyekuja mji huu kabla yangu, akinunua nguo soko la Shahe na kuzipeleka mpaka Bukavu, Kongo, alikuwa anasimama pembeni akikutazama ukimzungusha muuzaji, kisha anapiga makofi. "Maman Rukia, huyu mutoto ni commerçante, mufanyabiashara kabisa!" Nami kichwa kilivimba. Nilidhani nimekupa silaha.

Kanuni ile siitukani. Imetulisha na imekusomesha. Kosa langu ni kwamba niliivaa nikatoka nayo sokoni mpaka nyumbani, na sikuivua.

Baba yako alipochoka na mji huu, alichoka kidogo kidogo. Leo kasimamishwa njiani kuonyesha pasipoti mbele ya mgahawa, kesho kaambiwa arudi wiki ijayo kwa habari ya viza. Jioni moja akaniambia, "Mwanaidi, naona bora nirudi Dar." Sikuinua macho. Nilikuwa na mzigo wa mteja mezani. Nikamwambia, "Rudi." Nilisema kama ninavyomwambia mwenye duka abaki na viatu vyake. Moyoni nilikuwa nangoja aniite. Nilitaka aseme, twende wote, au aseme, unataka nibaki? Ningejibu nataka. Nilikuwa nalo jibu tayari, limenijaa kifuani. Lakini na yeye ni mfanyabiashara, mwanangu. Naye aligeuka akangoja nimwite. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni na sanduku, anatazama kitasa cha mlango badala ya kunitazama mimi, nami natazama maboksi. Tukangojana hivyo mpaka teksi ikapiga honi.

Hatukugombana. Watu wa mtaa wetu huu wa Xiaobei waliniuliza tulikosana nini. Wewe ulidhani amekwenda kuchukua mzigo, ukawa unauliza umefika wapi. Mwaka jana kwenye simu alinitania, akasema, "Ungesema neno moja tu." Nikamwambia, "Na wewe je?" Tukacheka, halafu akasema salio linaisha. Ulikuwa umekaa pale kwenye sofa, ulituona tunavyocheka ukafikiri mambo mazuri.

Nimeinuka tena. Kaja mama mmoja anauliza kama mzigo wake wa vyombo unaweza kutoka leo kwa ndege. Nimemwambia meiyou, hakuna nafasi, na nafasi ipo. Nitampigia baadaye.

Sasa tuje kwenye hili la jeshi. Ulipoleta habari za ile kambi, zile baridi za mwanzo wa mwaka, nilicheka. Hilo nalijua, nilicheka vibaya. Nilisema, "Jeshi? Wewe unayepanda kitandani ukiona mende?" Asubuhi yake nikakukuta kwenye korido, ghorofa ya tisa, umesimama umebana mikono, unajiamrisha mwenyewe kwa kunong'ona: mguu pande, mguu sawa. Matamshi yako yalikuwa ya ajabu. Nikakuambia hivyo sivyo. Mimi nimesoma shule ya msingi Temeke, nimekimbia mchakamchaka kila asubuhi, gwaride nalijua. Nikasimama mlangoni na kanga yangu, nikatoa sauti kutoka tumboni: "Mguu pandeee! Mguu sawa! Nyumaaa geuka!" Ukageuka upande usio wake, ukagonga ukuta. Yule bibi wa mlango wa pili akatoka na mwiko mkononi akidhani tunapigana. Siku ya pili alitoka na kiti.

Ilikuwa raha, Rukia. Ndiyo shida yake. Nilikuwa nakuamrisha kila asubuhi kabla ya shule, koo linanikauka, huku najiambia ni mchezo, utakwisha na baridi.

Papa Mbuyi hakucheka. Alikaa pale juu ya marobota yake, akavua kofia, akaniambia, "Maman, unapeleka mutoto kwa basoda, kwa askari? Ye! Mimi ile vazi nilikimbia nayo nyuma yangu, nikiwa mutoto. Tulikimbia na mama, hata viatu hapana." Nikaona nimepata mtu wa upande wangu. Nikakwambia ukamsikilize. Ukakaa naye chini, ukamsikiliza mpaka chai ikapoa, na ukamuuliza maswali ambayo mimi miaka yote hii sijawahi kumuuliza: walikimbilia wapi, nani alibaki nyuma, wanajeshi wale walikuwa wa nani. Alikujibu yote. Mwisho akakwambia maneno ambayo nilikuwa sijayategemea. "Ma fille, kama unaenda, enda. Lakini ukumbuke kuko watu benye banaona ile uniforme, banakimbia. Weye ukuwe ule soda mwenye mutu akimuona, anabakia fasi yake." Uliinuka ukampa mkono kwa heshima zote. Nami nikaudhika naye wiki nzima, kwa kuwa nilimtuma akuzuie, yeye akakupa kazi.

Ukaanza kuandika maombi. Uliniletea insha yako nisahihishe Kiswahili, maana unaandika Kiswahili kama mtu anayevuka barabara ya Guangzhou, unatazama huku na huku. Nikasahihisha ngeli zako. Kulikuwa na sentensi moja haikuwa na kosa hata la nukta: "Nimekulia kwenye foleni zinazoniuliza nitaondoka lini, na nataka nisimame kwenye mstari ambao watu wake wananingoja nifike." Niliisoma nikakurudishia karatasi nikasema, "Hapa panatosha." Sikukwambia kwamba nilikwenda chooni nikafungua bomba. Miaka yote nilidhani nakulea mahali pazuri. Ni pazuri. Una marafiki, una shule, unaongea na muuza mboga lugha yao mpaka anakuongezea vitunguu. Ila kila mwaka tunakwenda kuomba tena ruhusa ya kukaa, na kila mwaka nilikuwa nakuvalisha vizuri na kukwambia utabasamu. Sikujua ulikuwa unahesabu.

Kisha ikaja video ya mazoezi. Walitaka wakuone ukipiga pushapu na kukimbia. Tukaenda kule ziwa la Luhu, mimi nikishika simu. Wale mabibi wanaocheza dansi asubuhi wakasimamisha muziki wao. Uliposhuka chini kuanza pushapu wakakuzunguka, wakawa wanahesabu kwa sauti, kila ukichoka wanapiga kelele "Jiayou! Jiayou!" mpaka na mimi nikapiga hiyo jiayou, kaza mwanangu, simu ikatikisika tukalazimika kurudia yote. Mara ya pili hukulalamika hata neno. Nilikuona kwenye kile kioo cha simu, uso umejaa jasho, na nikaogopa. Sikuwa nimewahi kukuona unataka kitu namna ile tangu vile viatu.

Na kwa kuogopa nikarudi kwenye ninachokijua. Siku ya usaili nilikukalisha chini. Nikakwambia, "Sikiliza. Wasikuone na kiu. Mtu mwenye kiu huuziwa maji ya bei yoyote. Wakikuuliza kwa nini unataka kwao, waonyeshe una pengine." Rukia, niliamini nakusaidia. Hilo naapa. Lakini hata kama nisingetaka kukusaidia, nisingekupa ushauri tofauti, na hapo ndipo ninapojishangaa.

Ilikuwa mchana huku, asubuhi kule. Ulikaa mezani na shati jeupe, mimi nimekaa kitandani nje ya picha. Kwenye skrini alikuwepo mzee mmoja na mama mmoja mwenye miwani, Meja. Ulijibu vizuri habari za shule, habari za mazoezi, wakacheka ulipowasimulia mabibi wa ziwani. Halafu Meja akauliza, kwa upole kabisa, "Binti, kwa nini unataka kuja kwetu?"

Ukanitazama. Ukasema, "Kuna programu nyingine pia ninaziangalia, afande. Nitalinganisha kwanza, halafu nitaamua."

Nami nikakunyooshea dole gumba.

Yule mama alivua miwani akaifuta. Akasema, "Vizuri, binti. Linganisha. Na sisi tutalinganisha." Mkaagana. Wewe ulijua palepale. Mimi nilikuwa nasema umefanya kama mtu mzima, wewe unafungua vifungo vya shati taratibu.

Jibu likaja: umewekwa kwenye orodha ya akiba, na nafasi zimejaa. Ulinipa simu nisome, ukaenda kuosha mchele. Hukulia. Uliuosha mchele ule mpaka maji yakawa safi kama ya kunywa, na hukuitaja kambi tena siku ile wala kesho yake. Ulikuwa unafanya kama nilivyokufundisha pale kwenye ngazi. Na mimi, mama yako, nilifurahi. Nilikwenda sokoni nikanunua samaki mkubwa, nikampika na nazi, nikasema ni wa kukupoza moyo. Haikuwa hivyo. Nilikuwa nasherehekea. Ulimla kidogo ukasema ni mtamu, ukanishukuru, na ile asante yako ndiyo iliyonikwama kooni kuliko mwiba wowote.

Kilichofuata ulikifanya hapa hapa dukani, na mpaka leo kila nikipita mbele ya kaunta naona kama umesimama. Ulitoka shule moja kwa moja na sare yako. Papa Mbuyi alikuwepo, tulikuwa tunapima robota lake. Hukwenda nyuma stoo ambako kuna utulivu. Ulitua begi, ukasimama katikati, ukapiga simu, ukaiweka sauti ya nje.

"Shikamoo, afande. Naitwa Rukia, yule wa Guangzhou."

"Marahaba. Nakukumbuka. Yule mlinganishaji."

"Afande, siku ile nilijibu kama mtu anayenunua viatu. Nafasi hii naitaka. Sina nyingine ninayoilinganisha nayo. Mwaka huu nikikosa nitaomba mwakani. Ninaitaka sana, afande, ndilo nililotaka kusema siku ile."

Rukia, unajua nilifanya nini? Niliachia robota, nikapiga hatua kuja kukunyang'anya simu. Kweli kabisa. Kichwani nilikuwa nasema, huyu mtoto anaharibu bei! Papa Mbuyi akanishika mkono. "Acha aseme," akaniambia. "Acha."

Halafu Meja akauliza, "Na nani aliyekufundisha kujibu vile siku ile?"

Uligeuka ukanitazama. Nilikuwa nimesimama na kamba ya robota mkononi, nikaona sasa nauzwa, tena nauzwa kwa haki. Ukasema, "Nilijifunza mwenyewe, afande."

"Haya," akasema. "Leo nimekusikia. Ngoja, usilale mbali na simu."

Mmoja aliyechaguliwa hakuweza kwenda, wakakuita. Ulipopata habari ulipiga ukelele ule ule wa Zhanxi, wa viatu vya taa, na safari hii hakuna aliyekuvuta kwenye ngazi.

Ile siku ya simu hatujaizungumza kamwe. Nimengoja uniulize kwa nini nilikuja kukunyang'anya, hukuuliza. Umenistahi. Mtoto kumstahi mama yake ni jambo jema, lakini mama akiwa anastahiwa kwa kosa lake, anakonda.

Watu wananiuliza hapa mtaani, "Mama Rukia, huogopi asije akashindwa?" Hilo siliogopi hata chembe. Utakimbia, utafokewa, utalala chini, utarudi na magoti yamechubuka unasimulia kwa majigambo. Ninachoogopa ni kwamba utapapenda. Utaamka siku moja kule kwenye baridi, umejipanga na wenzako, mtu ataita jina lako na kulitamka sawasawa bila kukuuliza hilo ni jina la wapi, na hapo mimi nitakuwa nimekukosa. Na siwezi hata kuulaumu mji. Mwakani ukitimiza miaka kumi na minane, kibali chako cha kukaa hapa hakitafuata tena changu. Nimekwenda kuuliza, mwanangu. Nimekwenda na kurudi, nikapewa maelezo mazuri na tabasamu. Hata nikikung'ang'ania kwa mikono miwili, itafika siku utatakiwa kuondoka kwenye foleni yangu ujiunge na yako.

Kwa hiyo sikuwa na cha kuzuia. Nilichokuwa nacho ni radhi peke yake, nikaifanyia ubakhili. Nilikwambia ukafunge madirisha. Nilikuwa naondoka dukani, Rukia, nangoja uniite. Wewe hukuniita kwa bei. Ulisema utakwenda nusu, ukaniachia hilo, ukalala.

Mawingu yameshuka, huko nje kumekuwa kweusi kama magharibi na ni mchana. Mikokoteni inakimbia. Nataka niandike mawili matatu kabla hayajanitoka.

Sokoni endelea kama ulivyo. Usije ukafika Kariakoo ukashangilia viatu, utanitia aibu. Lakini huko uendako, mguu ukikuuma sema unauma. Usitembee nao ukijifanya ni wa mtu mwingine. Usipoelewa amri, sema hukuelewa, wakucheke, yaishe. Meja ukimwona, usimlinde tena mama yako. Akikuuliza mwambie ni mama, na umwambie mama anamsalimu na ana aibu. Na siku utakapompenda mtu, maana utapenda, haya mambo hayana gwaride, mtazame usoni. Akitaka kuondoka na wewe hutaki, mwambie hutaki. Anaweza kuondoka vilevile. Nimeishi na lile jingine miaka tisa, la kutojua kama angebaki, na sikutakii.

Na baba yako akikupokea, mwambie Mwanaidi anasema alitaka abaki. Hapana. Usimwambie. Nitampigia mwenyewe.

Mvua imeanza, mwavuli wako uko hapa kwenye ndoo. Najua utaendelea kukimbia humohumo. Nilikuwa nimepanga nimalize barua, niandike radhi hapa chini kwa mwandiko mzuri, niifiche kwenye begi uikute huko juu angani. Sasa nimeishika kalamu na naona haiwezekani. Radhi ya mama haitumwi kama mzigo, ifike itakapofika, na mimi nimekaa salama nyuma ya kaunta. Huo nao ungekuwa ujanja wangu ule ule.

Papa Mbuyi anagonga kioo. Nimemwonyesha kwa mkono kwamba tumefunga. Anashangaa, hajawahi kuniona nafunga mchana. Barua nitaitia begini hivi hivi ilivyo, uisome kama kumbukumbu, kwa kuwa utakapoufikia mstari huu utakuwa umeshanisikia. Nakuja ziwani.

Nitakwambia sitaki uende, kwa sababu ni kweli na hujawahi kunisikia nikilisema. Halafu nitakwambia nenda, nimekuwia radhi, duniani na akhera. Yakinitoka kinyumenyume, au nikilia katikati mbele ya mabibi wote wale, usinisaidie. Ningoje tu nimalize.

Mama